Kuchagua mashine ya TIG kwa karakana ndogo ya Lamu: gesi kwanza, mashine mwisho

Fundi akitamani TIG, yaani kuchomelea kwa ncha ya tungsteni inayokingwa na gesi ya argoni, swali lake la kwanza huwa: ninunue mashine gani? Kwa karakana ya Lamu hilo ni swali la mwisho. Kwanza ujue utachomelea nini. Kisha ujue argoni utaitoa wapi na itafikaje mlangoni pako, halafu stima yako inaweza kubeba mzigo gani. Ukishajibu hayo, mashine zinazokufaa zinabaki mbili tatu tu. Ukianza na mashine, utakuwa na boksi zuri juu ya rafu na mtungi mtupu chini yake.

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari anachomelea kwa rodi, au mwenye boti anayetaka kujitengenezea vyombo vyake nyumbani.

Hatua ya 1: Andika kazi ulizozikataa

Chukua karatasi uandike kazi ulizowarudishia wateja mwaka uliopita kwa sababu hukuwa na TIG. Usiandike unazotamani kufanya siku moja, andika zile zilizofika mlangoni zikaondoka.

Kama orodha yako ni grili, mageti, milango na fremu za bomba la mraba, funga mkoba wako. Rodi inafanya hayo kwa haraka na kwa bei nafuu. TIG inakwenda polepole, inataka chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa, na haina flaksi, ile ganda inayovikwa rodi, ya kukusamehe kutu au rangi iliyobaki. Mabati ndiyo mabaya zaidi: zinki inachemka, inachafua ncha ya tungsteni, na moshi wake unaleta homa ya usiku mzima.

Lakini huku pwani kuna kazi ambazo rodi haziwezi vizuri. Reli za boti za stenlesi, meza na masinki ya jikoni za hoteli za Shela, mabomba membamba ya maji, ngazi za alumini za kupandia botini, fremu za kubebea turubai, vifuniko na mabano ya injini za boti. Chuma cha kawaida hapa kinaliwa na chumvi, kwa hiyo wenye pesa wanahamia stenlesi na alumini, na kazi zao ndizo zinazolipa TIG.

Sasa gawanya orodha mara mbili: stenlesi upande mmoja, alumini upande wa pili. Mgawanyo huo unaamua bei kuliko kitu kingine chochote.

Stenlesi na chuma cha kawaida vinachomelewa kwa DC, mkondo wa upande mmoja. Alumini inataka AC, mkondo unaogeukageuka, na sababu yake ni ngozi yake. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini oksidi iliyoivaa juu haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2000. Ukiichoma kwa DC ya kawaida, ndani kunayeyuka huku ngozi imeshikilia, kisha ghafla kipande kizima kinaanguka chini. Kwenye AC, mkondo unageuka huku na huku: nusu moja inavunja oksidi, nusu nyingine inatia joto. Mashine iliyoandikwa DC peke yake haitakupa hilo hata muuzaji akiapa.

Mimi kwa Lamu naelemea AC/DC, kwa sababu ya boti. Malindi, ambako fundi anaweza kuishi kwa jikoni za hoteli tu, DC peke yake inatosha na pesa iliyobaki inanunua mtungi. Fuata karatasi yako, si mawazo yangu.

Kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu haiwaletei faida. Kama una mashine ya rodi ya inveta, ile nyepesi ya kielektroniki, nunua tochi ya namba 17 yenye vali ya gesi kwenye mpini, regyuleta ya kupunguza shinikizo la gesi, na mtungi. Tochi inakwenda kwenye hasi, klampu inakwenda kwenye chanya, kinyume cha mafundi wengi wanavyofunga rodi. Unafungua gesi kwa kidole, unagusisha ncha kwenye chuma na kuinua. Haina udhibiti mzuri wa kumaliza mshono na ncha inachafuka mara kwa mara, lakini stenlesi ya milimita 2 itashikana vizuri. Ukifanya hivyo miezi kadhaa utajua kama kazi ipo kweli kabla ya kutoa pesa kubwa.

Hatua ya 2: Tatua gesi

TIG inakula argoni safi. Ule mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksidi wanaotumia watu wa MIG, wanaochomelea kwa waya unaojisukuma, hauifai hata kidogo. Tungsteni inaungua mbele ya macho yako na mshono unatoka mweusi. Ukiagiza, sema wazi kuwa ni argoni ya TIG.

Mtungi unajazwa Mombasa. Unapanda lori, unapita Malindi na Garsen na Witu hadi Mokowe, unashushwa gatini, unaingia botini, unashushwa tena upande wa kisiwa, na kutoka hapo ni mkokoteni au punda. Kila kituo kina hamali wake na malipo yake. Jumlisha yote hayo, ya kwenda na ya kurudi, kabla hujaamua ukubwa wa mtungi.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita za mtungi ukizizidisha kwa baa za shinikizo unapata lita za gesi. Mtungi wa lita 10 uliojazwa baa 150 una lita 1500. Ukichomelea kwa lita 8 kwa dakika, ambayo ni kawaida, unapata kama saa tatu za moto. Si saa tatu za kazi, ni saa tatu za cheche kuwaka. Siku ya kawaida ya kupima, kukata na kusugua huenda ikala nusu saa ya moto tu. Mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa baa 200 una lita 10,000, yaani zaidi ya saa 20 za moto.

Kwa kisiwani mtungi mkubwa una maana, kwa kuwa nauli ya safari moja haitofautiani sana na ya mdogo. Tatizo ni uzito: ukiwa umejaa, wa lita 50 unavuka kilo 70 kwa urahisi. Huo ni wa mkokoteni na watu wawili, usimbebeshe punda. Kama karakana yako iko ndani kwenye vichochoro vya ngazi ngazi, chukua miwili midogo, mmoja ukitumika mwingine uko njiani.

Botini, mtungi ulale, ufungwe kamba kwenye ubavu wa chombo, na kofia ya chuma iwe imekazwa juu ya vali. Mtungi unaobingirika na kuvunja vali unaruka, na hakuna nahodha atakayekusamehe. Muulize muuzaji wa gesi kama mtungi ni wa kununua au wa kukodi. Ukiwa wa kukodi, kodi inahesabika hata siku ambazo mtungi unangojea lori Mokowe. Angalia pia tarehe ya majaribio iliyogongwa kwenye bega la mtungi, kwa sababu mtungi uliopitwa na tarehe utakataliwa kujazwa. Na usiumalize hadi sifuri: bakisha shinikizo kidogo, funga vali, unyevu wa bahari usiingie ndani.

Halafu regyuleta. Ile inayokuja ndani ya boksi la mashine mara nyingi ina uzi usiolingana na mitungi ya huku. Nenda nayo kwenye mtungi uijaribu kwa mkono kabla hujailipia.

Hatua ya 3: Pima stima yako

Hapa kuna habari njema ambayo mafundi wa rodi hawaitegemei: kwa ampea zilezile, TIG inavuta stima kidogo kuliko rodi, kwa sababu cheche yake ni fupi na volti zake ni ndogo. TIG ya ampea 100 inafanya kazi kwenye volti 14 hivi, yaani wati 1400 kwenye cheche. Ukiongeza upotevu wa ndani ya mashine ya kawaida, ukutani inavuta kama ampea 10 au 11 kwenye volti 240. Plagi ya ampea 13 inabeba. Rodi ya ampea 130, kwa upande mwingine, inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20.

Ukipandisha TIG hadi ampea 200 utavuta karibu ampea 27, na hapo unahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la swichi, kebo nene, breka yake na athi ya kweli. Mwite fundi wa stima mwenye leseni. Nyumba nyingi za mji wa kale zimepitishiwa nyaya kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayejua ndani ya ukuta wa mawe kuna kebo gani.

Kebo ya kuongezea isiwe chini ya milimita 2.5 za mraba, na ikipita mita 15 hivi weka ya 4. Ikunjue yote, kebo iliyozungushwa kwenye kigurudumu inapata moto hadi plastiki inalainika. Kama jioni taa zako hufifia, pima volti saa hizo hizo kwa mita, kisha soma kwenye kibati cha mashine inavumilia kushuka kiasi gani. Nyingi zinavumilia asilimia 15. Zile zenye PFC, sakiti inayorekebisha namna mashine inavyovuta stima, zinavumilia zaidi na zinavuta ampea chache ukutani. Zinagharimu zaidi, na kwa mtu aliye mwisho wa laini naona zinalipa.

Jenereta nayo ina masharti. Kwa TIG ya ampea 100 tafuta ya kVA 4 au 5, kwa 160 karibu kVA 7, na iwe na AVR, kifaa cha kutuliza volti. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe mashine. Kuzima ni kinyume chake. Jenereta inayozimika kwa kuishiwa mafuta huku mashine ikichomelea ni njia ya haraka ya kuua bodi ya inveta.

Hatua ya 4: Ampea, na uongo wa stika

Kwa chuma, hesabu ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Stenlesi ya milimita 1.5 inataka 60 au pungufu, chuma cha milimita 3 kinataka kama 120. Alumini inakimbiza joto, kwa hiyo iongezee kidogo: milimita 3 inataka 120 hadi 140, milimita 5 inakaribia 200. Karakana ndogo ya boti na jikoni ikiwa na 200 za kweli inafanya karibu kila kitu. DC ya 160 inatosha kwa stenlesi.

Nimesema za kweli, kwa maana namba kubwa iliyochorwa kwenye ubavu wa mashine mara nyingi ni jina tu. Mazungumzo ya dukani huenda hivi:

"Hii ni ya ngapi?"

"Mia mbili hamsini hiyo, sheikh. Inachoma hata meli."

"Na hii plagi yake ya thatini?"

"Ndiyo hiyo hiyo, haina shida."

Volti 240 mara ampea 13 ni wati 3120. TIG ya ampea 200 inataka wati 3600 kwenye cheche peke yake, kabla ya upotevu wowote. Kwa hiyo huyo bwana ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Geuza mashine usome kibati cha nyuma. Penye herufi X ndipo asilimia ya kazi ilipo. X ya 35% kwenye ampea 200 maana yake ndani ya dakika 10 unachomelea tatu na nusu, kisha unaiacha ipoe. Tafuta 60% kwenye ampea unazotumia kila siku. Hakikisha kipimo kimeandikwa kwa joto la nyuzi 40. Baadhi ya watengenezaji hupima kwenye nyuzi 25 ili namba zipendeze, na chini ya mabati saa nane mchana nyuzi 25 hatuzijui. I1max ni mkondo wa juu kabisa inaovuta ukutani, na I1eff ndiyo ya kumpa fundi wa stima apimie kebo. Mashine isiyo na kibati hicho, iache ilipo.

Hatua ya 5: Vitufe vya kulipia

Lipia kuwasha kwa HF, ambapo cheche inaruka bila ncha kugusa chuma. Kwenye alumini ni lazima, kwenye stenlesi inakuokolea tungsteni. Jua tu kwamba HF inasumbua redio na vifaa vya elektroniki vilivyo karibu. Simu weka mbali.

Lipia pia gesi inayoendelea kutoka baada ya cheche kuzimika, na kushuka kwa ampea polepole mwisho wa mshono. Bila hivyo viwili, mwisho wa kila mshono utakuwa na shimo na ufa. Kwa AC, uweze kurekebisha balansi ya kusafisha na kupasha joto.

Pedali ya mguu ni nzuri mezani. Botini, ukiwa umejikunja chini ya sitaha, haina mahali pa kukanyagia. Swichi ya kwenye tochi ndiyo utakayoitumia. Palsi, yaani ampea kupanda na kushuka zenyewe kwa zamu, inasaidia kwenye stenlesi nyembamba, ichukue ikija bila kuongeza bei sana. Mfumo wa kupoza kwa maji huuhitaji chini ya ampea 200. Na zile mashine za tatu kwa moja, TIG na rodi na plazma ya kukatia, mimi sizipendi: bodi moja ikifa umepoteza karakana nzima, na kuipeleka kwa fundi Mombasa ni safari ileile ya mtungi.

Hatua ya 6: Tochi na vinavyoisha

Chukua tochi ya namba 17, au 26 ukifika ampea 200. Sababu si ubora, ni vipuri: 17, 18 na 26 zinatumia koleti (vibano vya kushikia tungsteni) na vikombe vya aina moja, na ndizo zinazopatikana kirahisi. Namba 9 ni ndogo na tamu mkononi, lakini vipuri vyake ni familia nyingine, inayoshirikiana na 20.

Tungsteni nunua yenye rangi ya buluu au dhahabu, ambazo zina lanthanamu na zinafanya kazi AC na DC. Nyekundu ina thoriamu, ambayo ina mionzi kidogo, na vumbi lake ukinoa linaingia kifuani. Unene wa 1.6 unatosha hadi ampea 150 za DC, 2.4 kwa zaidi ya hapo na kwa alumini nyingi. Noa kwa urefu, mikwaruzo ielekee nchani.

Fila, yaani waya wa kujazia mshono: ER308L kwa stenlesi ya daraja la 304, ER316L kwa ya 316, ER309L ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida. Kwa reli zinazorushiwa maji ya bahari mshauri mteja achukue 316, ina molibdeni na inavumilia chumvi. 304 itatoa madoa ya kahawia. Sumaku haitakuonyesha tofauti ya hizo mbili, kwa hiyo nunua kwa mtu mwenye karatasi za bidhaa. Kwa mabamba ya alumini ya baharini chukua 5356, kwa alumini ya kumiminwa ya injini 4043.

Weka brashi mbili za waya wa stenlesi, moja ya kusugulia alumini peke yake na nyingine ya kusugulia stenlesi peke yake, na diski za grainda vivyo hivyo. Diski iliyogusa chuma cha kawaida inaacha vumbi la chuma kwenye stenlesi, na hewa ya hapa italigeuza kutu upesi.

Helmeti ya kujififisha iwe inahisi cheche za ampea ndogo, 5 au chini yake. Za bei rahisi zilizotengenezewa rodi hazioni TIG ya ampea 15, na wewe utaiona kwa macho yako.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla ya kulipa

Beba kipande cha stenlesi cha milimita 1.5, cha alumini cha milimita 3, na helmeti yako. Muuzaji asiye na argoni ya kujaribia hajajiandaa kukuuzia TIG.

Shusha hadi ampea 10 uwashe mara nyingi mfululizo. Cheche iwake kila mara na ikae imetulia. Ikitangatanga au ikikataa mara moja katika kila mara chache, itakutesa. Panda hadi ampea 120 kwenye alumini: kidimbwi kiwe king'aavu kama kioo na pembeni yake pawe na ukanda mweupe wa oksidi iliyosafishwa. Achia swichi usikilize. Gesi iendelee kupuliza sekunde kadhaa, na feni isikwaruze. Shika plagi za kebo za mbele: vuguvugu ni sawa, zikichoma mkono zimelegea. Mwisho uliza vipuri na bodi zinapatikana wapi, na udhamini unarudishwa kwa nani.

Hatua ya 8: Upepo, chumvi na hatari

Kaskazi na kusi zote zitakuibia gesi. Hata upepo wa kupepea karatasi tu unaondoa argoni juu ya mshono, na kuongeza gesi hakusaidii, kunaleta msukosuko tu. Weka turubai upande upepo unakotoka, zima feni, tumia lita 6 hadi 10 kwa dakika.

Argoni ni nzito kuliko hewa. Ndani ya tumbo la boti au tangi inajaa kuanzia chini na kusukuma oksijeni juu, nayo haina harufu. Usiingie peke yako, na peleka hewa ndani. Tangi lililowahi kuwa na petroli usiliwashie tochi kwa sababu mwenyewe kasema limekauka. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini, maana mwanga wa cheche unaigeuza kuwa fosjini, sumu ya kuua. Asetoni inatosha, na iache ikauke.

Mashine ikae mbali na grainda, juu ya meza, ifunikwe ikishapoa. Mara kwa mara ichomoe, isubiri, uipulize ndani kwa hewa kavu ya shinikizo dogo.

Wiki ya kwanza choma vipande vya stenlesi chakavu na uangalie rangi. Dhahabu ni safi, buluu inapita. Ikiwa kijivu, umetia joto jingi au umekwenda polepole mno. Ikiwa nyeusi yenye masizi, usiguse nobu ya ampea kwanza: angalia vali, angalia mpira wa gesi, kisha nyanyuka uangalie turubai.